Mtoto Ametafuna Mmea Gani?

Jumamosi moja mwishoni mwa mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zimeanza kuaga hapa Iringa, watoto wangu wawili walirejea nyumbani Mlandege kutoka bondeni, miguu imejaa tope hadi magotini. Binti yangu, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa amejivika shingoni shada la mmea utambaao, wenye maua ya manjano. Mdogo wake, ambaye hajatimiza miaka mitano, alikuwa anatafuna.

"Baba," binti akauliza, "hizi kunde ni za nani? Zimeota zenyewe kwenye matete."

Nikamfumbua mdogo wake kinywa. Mlikuwa na mabaki ya ganda bichi. Nilipomwuliza ametafuna mangapi alinionyesha vidole vitatu, kisha vitano, kisha akacheka. Mama yao akatoka jikoni, akalitazama lile shada, kisha akanitazama mimi.

"Ni mmea gani huo?"

Nikamjibu kwamba unafanana na kunde.

"Sikukuuliza unafanana na nini. Nimekuuliza ni nini."

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu. Mimi ambaye hupata riziki yangu kwa kuwaeleza watu wengine mambo ya dunia, sikulijua jani linaloota umbali wa dakika chache kutoka mlangoni pangu. Kwa haraka iliyotushika nililivua shada lile na kulitupa uani, tukambeba mtoto mbio kwenda kwenye zahanati. Ni njiani tu nilipogundua kwamba nimeshika jani moja, lililokuwa limebaki kwenye vidole vyangu.

Muuguzi aliyetupokea alimpima mtoto, akamtazama macho na ulimi, halafu akauliza lile swali ambalo ndilo limenifanya niandike makala haya: "Mtoto ametafuna mmea gani?" Nikafungua kiganja. Jani lilikuwa limesinyaa kama karatasi iliyolowana. Lilikuwa halina ua, halina ganda, wala halina jina. Muuguzi hakunilaumu. Alisema tu kwamba, kwa kuwa hatuujui mmea wenyewe, hatuna budi kungoja na kumwangalia mtoto.

Tulingoja hadi usiku. Yapo mambo mengi yanayoweza kusemwa juu ya saa za namna ile, lakini kila mzazi aliyewahi kukaa kwenye benchi akihesabu pumzi za mwanawe anayajua, na asiyewahi kukaa hapo namwombea asiyajue. Mtoto alilala, akaamka, akaomba uji. Tukaruhusiwa kurudi nyumbani, kwa sharti la kumrudisha mara moja endapo angetapika, kuhara au kulegea. Hakupatwa na lolote.

Alfajiri ya Jumapili alikuja bibi mmoja jirani yetu, ambaye amelima vinyungu tangu ujana wake. "Kamwene," akatusalimu kwa salamu ya Kihehe, nasi tukamwitikia na kumpa shikamoo yake. Akauliza hali ya mjukuu wake, maana watoto wote wa mtaa ule ni wajukuu zake. Nilimwonyesha lile jani. Aliligeuza mara moja tu, akanirudishia.

"Jani moja halisemi, mwanangu," alisema. "Twende ukauone mmea wenyewe ukiwa umesimama kwao."

Kwa faida ya wasomaji wasioujua mkoa huu, kinyungu ni shamba la bondeni, mahali ambapo ardhi hubaki na unyevu hata baada ya mvua kwisha. Mkulima huinua matuta, akafanya mifereji katikati yake, na katika miezi ya kiangazi, mashamba ya mlimani yanapokuwa vumbi tupu, yeye huwa na mahindi mabichi, maharagwe na mboga. Familia nyingi za Iringa na Njombe zimesomesha watoto kwa vinyungu. Kandokando ya mashamba hayo, kati ya matuta ya mwisho na maji yenyewe, hubaki ukanda wa matete, ndago na nyasi ndefu. Huko ndiko yule bibi alikotupeleka, mimi na binti yangu, kuelekea bonde la Ruaha Mdogo.

Tuliupata mmea wetu bila taabu. Ulikuwa umejisokota juu ya matete kama kamba ya mtu aliyefunga mzigo kwa haraka, na maua yake ya manjano yalikuwa yamefunguka kwa jua la asubuhi. Bibi hakumruhusu binti kuchuma. "Kwanza tazama," alisema. Naye akatufundisha kutazama, jambo ambalo mimi nilikuwa nadhani nimelijua tangu nikiwa shuleni.

Alama ya kwanza ni mahali. Mmea huu hupenda tope, kingo za mito na maziwa, na mbuga zenye majimaji. Pale shina linapogusa udongo wenye unyevu hutoa mizizi, ukaanza maisha upya.

Alama ya pili ni jani. Kila jani ni vijani vitatu vilivyoshikana kwenye kikonyo kimoja, kimoja mbele na viwili ubavuni, vyenye umbo la yai lililochongoka au la mkuki mpana.

Alama ya tatu ni ua. Maua hukaa machache pamoja kwenye ncha ya bua refu linalojitokeza juu ya majani. Ua lenyewe ni la jamii ya maharagwe: petali moja pana imesimama nyuma kama bendera, mbili zimekaa ubavuni kama mabawa, na mbili za chini zimeungana mfano wa mtumbwi. Katika mmea huu bendera ni ya manjano, na mtumbwi haukujipinda.

Alama ya nne ni ganda. Huning'inia chini, ni jembamba, lina urefu wa sentimita nne hadi nane, lina vinyweleo laini, na limebonyea kidogo kati ya mbegu na mbegu, hata mtu anaweza kuzihesabu kwa vidole kabla ya kulipasua.

Kwa alama hizo nne kwa pamoja, na baada ya kulinganisha na maelezo ya wataalamu, niliridhika kwamba shada la binti yangu lilikuwa mkunde-mwitu ambao wanasayansi huuita Vigna luteola. Ni ndugu wa damu wa kunde zetu, ambazo ni Vigna unguiculata, na pia wa choroko na njugu mawe. Hivyo binti yangu hakukosea alipoziita kunde. Lakini mimi, niliposema "unafanana na kunde," nilikuwa nimebahatisha, na kubahatisha si kujua.

Nasema hivyo kwa sababu yule bibi hakuishia hapo. Alitutembeza katika ukingo ule na vichaka vilivyo juu yake, akatuonyesha majirani wa mkunde-mwitu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alinipunguzia majivuno.

Jirani wa kwanza alikuwa mkunde-mwitu mwingine, Vigna vexillata, wenye vijani vitatu vilevile. Ua lake ni la waridi linaloelekea zambarau, mtumbwi wake umejipinda, na maganda yake yamefunikwa na vinyweleo vigumu vya rangi ya kahawia. Chini ya ardhi una mzizi ulionenepa. Huyu ni ndugu asiye na ubaya.

Jirani wa pili ni upupu. Nao una vijani vitatu! Ila vijani vyake ni vikubwa zaidi, na vile viwili vya ubavuni havina pande zilizo sawa, kana kwamba fundi aliyevikata alikuwa na haraka. Maua yake ya zambarau iliyoiva huning'inia kwa vichala, na ganda lake limejikunja mithili ya herufi S, limevaa manyoya ya rangi ya dhahabu iliyochomwa na jua. Manyoya hayo yakigusa ngozi mtu hujikuna hadi akatoka damu. Yakiingia machoni ni hatari kubwa. Mtoto aliyeambiwa kwamba "vijani vitatu ni kunde" atalishika ganda lile kwa mikono miwili.

Jirani wa tatu hatukumkuta kwenye matete, bali palepale juu, kwenye kichaka cha ukingo mkavu. Ndiye aliyenifanya nikae chini. Ni mmea utambaao wenye ua zuri kupita yote ya bonde lile: petali sita zilizopinda kwenda juu, kingo zake zina mawimbi, nyekundu zenye manjano, kama ndimi za moto. Jina lake la kisayansi ni Gloriosa superba. Nchi ya Zimbabwe imelifanya ua lake la taifa. Watu hulipanda bustanini kwa uzuri wake, na watoto hulichuma kwa sababu hiyohiyo.

Mmea huo wote ni sumu, kuanzia ua hadi mzizi, na sumu kali zaidi imo katika kiazi chake cheupe na katika mbegu. Sumu hiyo huitwa kolichisini. Madaktari huitumia kwa kipimo kidogo sana kutibu ugonjwa wa jongo, lakini kiazi kimoja kinaweza kumwua mtu mzima, na wako watu katika nchi mbalimbali waliokufa kwa kukidhania kuwa kiazi cha chakula. Tena tunda lake likiwa changa ni la kijani na limerefuka, na mtoto mwenye njaa hatalitofautisha na ganda. Wala usitegemee rangi peke yake, kwani baadhi ya maua yake ni ya manjano matupu.

Unaujuaje basi? Tazama jani. Halikugawanyika vipande vitatu. Ni moja, refu, na ncha yake hujirefusha ikawa kama kidole chembamba kinachojikunja na kushika chochote kilicho karibu. Mkunde hupanda kwa kulisokota shina lake. Gloriosa hupanda kwa kushika kwa ncha za majani. Binti yangu alipoambiwa tofauti hiyo aliielewa mara moja, naye akaniuliza kwa nini hatufundishwi jambo hili kabla ya kuruhusiwa kwenda bondeni. Hilo nalo lilikuwa swali la pili nililoshindwa kulijibu katika siku mbili.

Mzazi msomaji, hapa ndipo ninapokuomba usimame nami kidogo. Sumu ya kolichisini haina haraka. Mtoto anaweza kucheza, kula na kucheka kwa saa kadhaa kabla ya kuanza kutapika na kuhara, na wakati huo sumu iko ndani ikifanya kazi yake kwenye viungo. Ndiyo maana swali la muuguzi halikuwa la kupoteza wakati. Akijua ni mkunde, anajua la kufanya. Akijua ni ua la moto, hatangoja dalili hata dakika moja. Asipojua, hana la kufanya ila kukaa macho pamoja nawe, huku nyote wawili mkiwa gizani.

Kwa hiyo ikitokea mtoto wako ametafuna mmea usioujua, yashike mambo haya. Mtoe mabaki kinywani na umsukutue kwa maji. Usimlazimishe kutapika, wala usimpe dawa za kubuni. Chuma kipande kizima cha mmea: shina lenye majani, ua, tunda, na kama aling'oa mzizi, chukua na mzizi, vifunge vyote katika karatasi au mfuko. Kumbuka saa aliyokula na kiasi alichokula. Halafu mpeleke kituo cha afya upesi, hata kama anacheka. Mimi nilimpeleka mtoto nikaacha ushahidi uani, nawe usifanye kama mimi.

Sasa turudi kwa mkunde-mwitu wetu, maana haifai kuuacha ukiwa umesimama kizimbani kwa kosa la jirani yake. Jina Vigna lilitolewa na Mwitaliano Savi mwaka 1824 kwa kumkumbuka Domenico Vigna, mtaalamu wa mimea wa Pisa wa karne ya 17. Mmea wenyewe ulielezwa mwaka 1770 na Nikolaus von Jacquin wa Vienna, akauhesabu katika jamii nyingine. Mwaka 1859 Mwingereza George Bentham akauhamishia ulipo sasa. Kwa upande wetu, Bernard Verdcourt, aliyefanya kazi miaka mingi katika hebaria ya Nairobi, aliuandikia pamoja na nduguze katika juzuu ya jamii ya maharagwe iliyotoka mwaka 1971. Juzuu hiyo ni sehemu ya mfululizo mkubwa juu ya mimea ya Afrika ya Mashariki, ulioanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, ukieleza aina zaidi ya 12,000.

Kazi ya mmea huu bondeni si ndogo. Bibi aling'oa mche mmoja mchanga, akatuonyesha vinundu vidogo kwenye mizizi. Alipokikata kimoja kwa ukucha, ndani kilikuwa chekundu kama nyama. Ndani ya vinundu hivyo huishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Wekundu ule ni dalili kwamba kazi inaendelea. Mmea ukioza, rutuba hubaki udongoni bila mkulima kulipa senti. Aidha, mashina yake yatoayo mizizi husaidia kuushika udongo wa ukingo usichukuliwe na maji, na mifugo huula kwa hamu.

Lipo na jambo lingine. Kunde zetu za shambani hazipendi kusimama majini. Mvua ikizidi huoza mizizi. Mkunde-mwitu huu unastahimili maji yaliyotuama, na hata chumvi, ndiyo maana unaonekana mpaka karibu na bahari. Watafiti wa Japani wameuchunguza kwa ajili ya ustahimilivu huo. Sisemi kwamba kesho tutauchanganya na kunde tukapata mbegu ya ajabu. Mimea hii haizaliani kwa urahisi: kwa miaka mingi wataalamu wa taasisi ya IITA iliyoko Ibadan, Nigeria, walijaribu kuzichanganya kunde na ule mkunde wenye ua la zambarau, ambao huvumilia wadudu, wasifaulu. Lakini akiba haitupwi kwa sababu leo haina matumizi. Kitu kilichotoweka hakijaribiwi mara ya pili.

Nacho kinaweza kutoweka. Kila mwaka jembe husogea hatua moja kuelekea mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Najua kwamba kwa mwenye kinyungu kimoja chembamba, mita hizo 60 huweza kuwa shamba lake lote na ada ya mtoto wake, na kwa hiyo si haki kulisema jambo hili kwa ukali wa mtu anayenunua mboga sokoni. Lakini maji ya Ruaha Mdogo hayaishii Iringa. Huingia Ruaha Mkuu, hupita Mtera na Kidatu yakizungusha mitambo ya umeme, kisha Rufiji, hadi Bahari ya Hindi. Yule bibi hakuwahi kuisoma sheria hiyo. Aliacha ukanda wa matete kwenye mwisho wa matuta yake kwa sababu mama yake alimwambia kwamba mto usio na nyasi ni kama mtu asiye na nguo.

Kabla hatujaondoka alimruhusu binti kuchuma kitawi kimoja, chenye jani, ua na ganda. Tulipofika nyumbani tulikilaza kati ya kurasa za gazeti kuukuu, tukaweka matofali juu yake, na kila siku tukabadilisha kurasa zilizolowana kwa zilizo kavu. Hivyo ndivyo hata wataalamu wanavyokausha mimea yao. Juma lilipokwisha binti alikishona kitawi kwenye karatasi ngumu, akaandika chini yake mahali kilipochumwa, tarehe, na rangi ya ua, kwa kuwa rangi hufifia. Halafu akaongeza kwa mwandiko wake mkubwa: "Mdogo wangu alitafuna hizi. Hakuumwa. Asirudie."

Karatasi hiyo tumeitundika ukutani, karibu na mlango wa jikoni. Pembeni yake binti amechora ua la moto kwa kalamu nyekundu, na jani lake lenye kidole, na juu yake ameweka alama ya msalaba. Hatulichumi kulikausha, kulijua kunatosha. Mdogo wake, kila apitapo na mgeni, humwonyesha na kusema, "Hii kunde ya mtoni. Hii sumu."

Basi Jumapili hii, ukimaliza kulisoma gazeti hili, usiwahi kufungia nalo vitumbua. Washike watoto mkono, mwende nao mahali wanapochezea, mwulize mwenyeji aliye mzee kuliko ninyi, na mjifunze mimea mitatu tu: mmoja wa kuliwa, mmoja wa kuogopwa, na mmoja wa kuachwa ulipo. Siku muuguzi akikuuliza, utakuwa na la kumjibu.

Hadi Jumapili ijayo.